Monty Python: Kichekesho Kilichokataa Kumalizika

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili, anasomea kompyuta. Likizo iliyopita alikaa sebuleni kwangu, kompyuta mapajani, soda pembeni, na bila kuinua macho akaniuliza: "Mjomba, hii spam na eggs ni nini? Kwenye maelekezo ya Python kila mfano spam, kila mfano eggs. Kwa nini wasiandike x na y kama watu wengine?"

Nikamwambia afunge hayo maelekezo kwanza nimwonyeshe kitu.

Nembo ya lugha hiyo ya programu ni nyoka wawili waliopindana, ndiyo maana wengi hudhani jina lake limetoka kwa chatu. Halikutoka huko. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeanza kuiandika Desemba 1989, alikuwa akisoma maandishi ya kipindi cha zamani cha vichekesho cha BBC, Monty Python's Flying Circus. Alitaka jina fupi lenye utukutu kidogo, akalichukua la kipindi. Spam, ambayo ni nyama ya kopo, na mayai (eggs) vimo katika igizo moja la kipindi hicho, na igizo hilo limo hata kwenye simu yako, msomaji. Fungua Gmail kwa Kiswahili, utaona pameandikwa "Barua taka". Kwa Kiingereza pameandikwa Spam. Tulipotafsiri tulibeba maana, kicheko tukakiacha bandarini.

Igizo lenyewe lilirushwa Desemba 1970. Mume na mke wanaingia mgahawani, na kuingia kwenyewe ni kwa kushushwa kutoka darini kwa waya, bila mtu kushangaa. Mhudumu anawasomea vilivyopo: mayai na nyama ya kopo, mayai, soseji na nyama ya kopo, nyama ya kopo, mayai, nyama ya kopo, soseji na nyama ya kopo. Mke hataki nyama ya kopo. Anauliza kama hakuna chakula kisicho nayo. Anajibiwa kipo ambacho haimo nyingi. Meza ya pili wamekaa Waviking, kofia za pembe kichwani, na jina la nyama likitajwa wanaanza kuliimba, polepole kwanza, kisha kwa sauti inayomeza mazungumzo yote. Kwa dakika tatu hivi neno moja linatamkwa zaidi ya mara 100. Hakuna kingine kinachotokea.

Mwingereza wa wakati ule alicheka kwa sababu aliijua nyama ile kwa ulimi wake. Kampuni ya Hormel ya Marekani iliianzisha mwaka 1937, ikamiminwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyama halisi ilipokuwa ikigawiwa kwa kadi. Mgao huo haukuisha vita vilipoisha, uliendelea mpaka 1954. Wanaume sita waliokiunda kipindi hiki wote walizaliwa kati ya 1939 na 1943, na watano kati yao, Waingereza, ni watoto wa kadi. Anayekumbuka unga wa yanga atanielewa bila maelezo: kuna vyakula ambavyo ukivitaja tu mbele ya watu wa rika fulani, wanacheka na kukunja uso kwa wakati mmoja.

Watu wa mitandao ya mwanzo wakaliokota neno hilo kuutajia ujumbe unaorudiwarudiwa mpaka unafunika mazungumzo ya wengine, kama Waviking wale. Halafu Aprili 1994 wanasheria wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, wakalitupa tangazo lao kwenye maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet kwa mpigo. Walikuwa wakiuza nini? Huduma ya kukusaidia kuingia bahati nasibu ya green card. Leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika, nimekuta ujumbe wa namna hiyohiyo kwenye barua taka zangu, unanipongeza kwa kuchaguliwa. Miaka zaidi ya 30, na bidhaa haijabadilika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kipindi hiki kiliathiri nini, siendi kwanza kwa wachekeshaji waliokiiga. Wengi waliokiiga walishindwa, na nadhani najua kwa nini. Walidhani siri yake ni wazimu. Wakavaa ovyo, wakapiga kelele, wakaingiza samaki na kuku mahali pasipo samaki wala kuku, watazamaji wakahamisha stesheni. Python hawakuwa wendawazimu hata kidogo. Walikuwa waandishi, wasomi wa vitabu, wenye nidhamu ya kukaa mezani na kukata, waliofanikiwa kupata kitu ambacho waandishi wa televisheni hawapewi: kalamu, jukwaa na mkasi, vyote mikononi mwao wenyewe.

Tazama wametoka wapi. John Cleese alisomea sheria Cambridge, Graham Chapman alisomea udaktari hapohapo na kuumalizia katika hospitali ya St Bartholomew's mjini London, Eric Idle alisoma fasihi ya Kiingereza. Wote watatu walipitia Footlights, chama cha wanafunzi wa Cambridge cha maigizo ya kuchekesha ambacho kimelisha redio na televisheni ya Uingereza kwa vizazi. Terry Jones na Michael Palin walitoka Oxford. Jones baadaye aliandika kitabu cha kitaaluma juu ya mshairi Chaucer kilichowachokoza maprofesa. Wa sita, Terry Gilliam, alikuwa Mmarekani wa Minnesota, mchoraji, aliyekutana na Cleese New York katikati ya miaka ya 1960. Kwenye kundi la vijana wa maneno yeye ndiye aliyekuja na picha.

Watano wa Uingereza waliandikia The Frost Report, kipindi cha David Frost kilichoanza 1966. Huko walijifunza kazi, na huko walichoshwa nayo. Waliandika, wengine wakaigiza, na kila igizo lilibidi liishie kwenye kauli ile ya mwisho inayobwaga kicheko, la sivyo linarudishwa. Igizo zuri la dakika tatu lilitupwa kwa sababu sekunde zake tano za mwisho hazikupatikana. Wakatawanyika kwenye vipindi viwili vya 1967: Cleese na Chapman wakaingia At Last the 1948 Show, Idle, Jones na Palin wakaingia Do Not Adjust Your Set, kilichokuwa cha watoto lakini watu wazima waliwahi kutoka kazini kukiona. Gilliam naye akaanza kupeleka katuni zake kwenye hicho cha pili.

Mwaka 1969 mshauri wa vichekesho wa BBC, Barry Took, akawaunganisha. Cleese amesimulia mara nyingi kikao chao na mkuu wa vichekesho, Michael Mills. Mkuu akauliza: kipindi chenyewe kitahusu nini? Hawajui. Kutakuwa na muziki? Hawana hakika. Wageni waalikwa? Hawajafikiria. Jina? Bado. Mkuu akakasirika, kisha akawaambia nawapa vipindi 13, basi, zaidi ya hapo hakuna.

Jaribu kuingia ofisi ya kituo chochote cha televisheni leo, hapa kwetu au huko kwao, na majibu ya namna hiyo. Hata kiti hutapewa. Lakini BBC ile ilikuwa imetoka mikononi mwa Hugh Greene, mkurugenzi mkuu tangu 1960 hadi 1969, aliyeruhusu watu kuwadhihaki mawaziri hewani. Ililipwa kwa ada ya leseni, si kwa matangazo, na ilikuwa na saa za usiku wa Jumapili ambazo hakuna aliyezigombea. Uhuru wa Python kwa sehemu ulitokana na busara ya wakubwa, na kwa sehemu kubwa zaidi ulitokana na wakubwa kutojali. Nani angekesha kutazama?

Jina nalo lilipatikana kwa purukushani. Walikuwa na orodha ndefu ya majina ya kipuuzi, likiwamo la Bundi wa Kujinyoosha. BBC, ambayo karatasi zake za ratiba tayari zilikuwa na neno Flying Circus, ikakataa kubadilisha tena. Wao wakaongeza jina la mtu asiyekuwapo, Monty Python, wakimwaza kama wakala mmoja mjanjamjanja wa wasanii, wa aina inayokula asilimia na kupotea.

Kipindi cha kwanza kilirushwa tarehe 5 Oktoba 1969. Kwa kawaida hapa ndipo wachambuzi huandika kwamba kitu kipya kilizaliwa, lakini haki ya mtu isiliwe. Miezi michache kabla, Machi mwaka huohuo, Spike Milligan alikuwa amerusha Q5, kipindi ambacho maigizo yake yaliachwa njiani bila mwisho. Milligan ni mtoto wa askari wa Uingereza, alizaliwa Ahmednagar, India, na kwa miaka ya 1950 alikuwa kalamu kuu ya The Goon Show, kichekesho cha redio ambacho vijana hawa walikisikiliza utotoni kama sala. Jones alipoiona Q5 aliingiwa na hofu: jamaa ametuwahi. Wakafanya jambo la akili, wakamwomba mwongozaji wa Q5, Ian MacNaughton, awe mwongozaji wao. Milligan aliuvunja mlango, Python wakaingia na kupanga samani.

Sisi tuliolelewa na hadithi za bibi tunaujua uzito wa mwisho. Paukwa, pakawa, na njiani yatokee yatakayotokea, lakini lazima msimulizi afunge: ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Msimulizi akinyanyuka kwenda kulala kabla ya kufunga, watoto watamfuata hadi mlangoni. Python walinyanyuka kila mara. Igizo likianza kuchoka, anaingia kanali wa jeshi, Chapman, fimbo kwapani, anasema basi, imekuwa upuuzi sasa. Au mtu wa igizo hili anatembea mpaka kwenye igizo la jirani. Au unashuka mguu mkubwa kutoka juu na kukanyaga kila kitu.

Mguu huo una ukoo. Gilliam hakuwa na fedha wala muda wa kuchora katuni za kawaida, kwa hiyo alikata picha za zamani kwa mkasi, akazisogeza kidogo kidogo chini ya kamera. Mguu aliukata kutoka kwenye mchoro wa Bronzino, Mwitaliano wa karne ya 16, uliotundikwa National Gallery, London. Ni mguu wa Kupidi, mungu wa mapenzi. Muziki wa kufungulia ni wimbo wa gwaride wa John Philip Sousa wa mwaka 1893, ambao ulikuwa haudai malipo ya hakimiliki. Kipindi kinachosifiwa kwa ubunifu usio na mipaka kilisimama juu ya mguu wa bure na wimbo wa bure, na Gilliam ndiye gundi iliyoruhusu maigizo yasiwe na mwisho: palipokatika, yeye alishona.

Kitu kingine walichokivunja ni kile ambacho masikio yetu yanakijua vizuri. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, na redio zetu nyingi zilijifunza utangazaji kwa mwalimu huyohuyo: sauti iliyonyooka, pumzi iliyopimwa, ukweli unaoshuka kutoka juu. Python walimchukua mtangazaji huyo, suti, tai, karatasi mkononi, wakamweka na meza yake katikati ya shamba. Hakubadilisha sauti. Walitia majina ya wahusika, yale yanayopita mwisho, katikati ya kipindi, watu wakazima televisheni wakidhani kimekwisha. Baada ya hapo kila utaratibu wa televisheni uliosikika kama sheria ya asili ulianza kuonekana kama mazoea ya watu fulani tu.

Igizo ninalolipenda zaidi katika mkondo huu si maarufu sana. Siku zile BBC ilirekodi mambo ya ndani ya studio kwa kanda ya video, na ya nje kwa filamu, na macho yaliona tofauti: nje kulikuwa na chengachenga na mwanga mwingine. Mtazamaji alizoea, hakuuliza. Katika igizo hili waungwana wa chama kimoja cha hovyo wanataka kutoka ukumbini. Wa kwanza anafungua mlango, anatoka nje, anajitazama, anarudi ndani ameshtuka: huko nje ni filamu! Wanajaribu dirishani, filamu. Mlango mwingine, filamu. Wamezingirwa. Kichekesho chote kimejengwa juu ya siri ya bajeti ya shirika, na mtu asiyejua chochote kuhusu kanda anacheka kwa sababu macho yake yalishajua.

Sasa kasuku. Desemba 7, 1969, mteja anarudi kwenye duka la ndege na kasuku aliyemnunua nusu saa iliyopita. Kasuku amekufa. Muuzaji, Palin, anasema amepumzika tu. Cleese anamgonga yule ndege kwenye meza. Muuzaji anasema ameduwaa. Inagundulika alisimama kwenye kijiti chake kwa sababu alipigiliwa misumari. Chanzo cha igizo ni fundi wa gari wa Palin, mtu ambaye kila ukimpelekea tatizo alikuwa na maelezo kwamba hilo si tatizo. Kwanza liliandikwa kwa gari, katika kipindi cha 1968 kiitwacho How to Irritate People. Lilichekesha kiasi. Gari lilipogeuka kasuku, ukaidi uleule wa muuzaji ukawa mkubwa kuliko duka, kwa sababu sasa alikuwa anabishana na kifo.

Wengi wanaolikumbuka igizo hili wanakumbuka hasira ya mteja. Mimi huona ni igizo la kamusi. Mteja, akiwa ameshindwa kueleweka kwa neno la kawaida, anamwaga misemo yote ya kifo ambayo Kiingereza kinayo, ya kanisani, ya ushairi, ya vijiweni, mmoja juu ya mwingine. Liweke kwa Kiswahili uone linavyonoga. Huyu ndege amefariki. Ameaga dunia. Ametangulia mbele ya haki. Amerejea kwa Muumba wake. Ametutoka. Amekata roho, amekata kauli, amekata kamba. Kadedi! Ukifika hapo, kutoka msibani hadi kijiweni kwa pumzi moja, umeelewa mtambo wa Python unavyofanya kazi. Cleese na Chapman waliandika pamoja kwa kupekua kamusi ya visawe, Palin na Jones wakaandika mambo ya mandhari na picha, Idle peke yake. Kisha wote walikaa mezani wakasomeana. Kilichochekesha meza kilipita.

Hatima ya kasuku huyo nayo ni kichekesho. Oktoba 1990 Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, akihutubia mkutano wa chama chake, alimtumia kukidhihaki chama cha Liberal Democrats, ambacho nembo yake ni ndege. Wasaidizi wake wamesimulia kwamba hakuuelewa utani hata kidogo, akauliza kama huyu Monty Python ni mtu wetu. Aliusoma hivyohivyo, ukumbi ukaangua kicheko. Wiki iliyofuata chama cha ndege aliyekufa kikashinda uchaguzi mdogo wa Eastbourne, jimbo lililokuwa la chama cha Thatcher, na mwezi uliofuata aliyeondoka madarakani ni yeye.

Kuhusu igizo la Wizara ya Miendo ya Kipuuzi sina mengi. Cleese, mwenye urefu wa karibu mita 2, anatembea kwa namna ambayo magoti yanaonekana kuwa na maoni tofauti. Watu hukumbuka miguu. Cleese mwenyewe alichoka kuombwa aitembee. Kinachonichekesha mimi kila nikilirudia ni ofisi: raia amekuja kuomba ruzuku ya kuendeleza mwendo wake, na mtumishi wa wizara, kwa uungwana wote, anamweleza kwamba mwendo wake bado si wa kipuuzi vya kutosha, halafu analalamikia bajeti. Ungefuta miguu yote, ukabakiza faili, bado lingechekesha.

Nimesema kalamu, jukwaa na mkasi. Mkasi ndio uliowapeleka mahakamani. Kipindi kilimalizika Desemba 1974 baada ya vipindi 45. Msururu wa nne ulikuwa na sita tu, Cleese akiwa ameshajitoa. Mwaka huohuo kituo cha umma cha Dallas, KERA, kilianza kukirusha Marekani, na Wamarekani wakakipenda kuliko ilivyotarajiwa. Televisheni kubwa ya ABC ikanusa fedha. Ikanunua vile sita vya mwisho ivipange kuwa viwili vya dakika 90, na katika cha kwanza, Oktoba 1975, ikakata dakika 24, nyingine kupisha matangazo, nyingine kwa kuona haya. Matusi yakatoka, na pamoja nayo ikatoka mishono iliyounganisha igizo na igizo. Gilliam na wenzake wakashtaki. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ikawapa haki mwaka 1976, ikisema kwamba kuikatakata kazi ya mwandishi kiasi hicho na kuirusha kwa jina lake ni kumdhulumu. Kesi hiyo bado inafundishwa kwenye vyuo vya sheria, maana sheria ya Marekani ya wakati ule haikuitambua waziwazi haki ya mtunzi juu ya heshima ya kazi yake. Baadaye kundi likapata umiliki wa vipindi vyake.

Kwangu hiyo ndiyo sura ya urithi wao ambayo wachekeshaji wa simu wa leo wangeisoma kwanza, kabla ya kuiga mguu wala kasuku. Igizo la sekunde 60 linakatwa na kila mwenye kidole, jina la mtunzi likafutwa, likapachikwa la mwingine. Python walijua kukata ni kuandika, na aliyekata bila idhini ameandika kwa jina lako.

Warithi wa jukwaani wapo, niwataje haraka. Lorne Michaels, Mkanada aliyeanzisha Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha Marekani, Oktoba 1975, hajaficha deni lake. Douglas Adams, mtunzi wa The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, aliandika kidogo kwenye msururu wa nne kabla ya umaarufu wake. Kamusi za Kiingereza zimeingiza kivumishi kinachotokana na jina lao, ambacho Jones alikichukia: lengo, alisema, lilikuwa kufanya kitu kisichoweza kuelezwa, na kuwapo kwa neno kunaonyesha walivyoshindwa.

Na kuna yaliyozeeka vibaya. Wanawake katika kipindi hiki mara nyingi ni wanaume waliofunga vilemba na kupiga sauti ya chuma kukwaruza chuma. Carol Cleveland, mwigizaji aliyeonekana zaidi ya mwanamke mwingine yeyote, alipewa hasa nafasi za kuwa mrembo. Kuna mahali Wazungu wamejipaka rangi kuigiza watu wasio Wazungu, na mimi mahali hapo sicheki, naangalia saa. Mwaka 2018 mkuu wa vichekesho wa BBC alisema kundi likiundwa leo halitakuwa la Wazungu sita wanaume wa Oxford na Cambridge. Gilliam alikasirika hadharani. Nadhani mkuu alikuwa sahihi kuhusu nyuso, ila hakugusa swali linaloniwasha: leo BBC ingempa nani, wa sura yoyote ile, vipindi 13 kwa majibu ya "hatujui"?

Palin, kwa njia, alifika kwetu. Mwaka 1992 BBC ilirusha safari yake ya kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ya Kusini, na kati ya vyombo alivyopanda ni Liemba, kutoka Kigoma kwenda Mpulungu: meli iliyojengwa na Wajerumani 1913, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiinua 1924 na kuirudisha kazini. Meli iliyokufa, ikabishiwa kwamba imepumzika tu.

Wao wenyewe walirudi jukwaani kwa sababu isiyo ya kishairi. Mwaka 2013 walishindwa kesi ya malipo na mtayarishaji wa filamu yao ya 1975, wakahitaji fedha. Wakatangaza onyesho moja kwenye ukumbi wa O2, London. Tiketi ziliisha kwa sekunde 43 na nusu, maonyesho yakawa 10, Julai 2014. Chapman alikuwa amefariki Oktoba 4, 1989, siku moja kabla ya kipindi kutimiza miaka 20, na onyesho lilipewa jina lenye maana ya "mmoja keshatangulia, watano bado". Jones, ambaye familia yake ilitangaza ugonjwa wake wa kupoteza maneno mwaka 2016, alikuwapo, na alifariki Januari 2020.

Mpwa wangu alitaka kuuona usiku wa mwisho, Julai 20, nikamtafutia. Wazee watano wakaimba wimbo wa kufungia, ukumbi mzima ukaimba nao, wakainama, wakaondoka. Skrini kubwa ikaandika Monty Python, 1969–2014. Watu wakaendelea kupiga makofi, wakisubiri wazee warudi tena. Yakatokea maneno mawili ya Kiingereza ambayo, nikiyapunguza makali, ni haya: potelea mbali.